Picha Zilizouza Milima

Leo nakupeleka mbali, magharibi mwa Kanada, kwenye milima ya Rockies na Selkirk, na habari yenyewe inaanzia kwenye uzito wa behewa la chakula.

Reli ya Canadian Pacific ilikamilika tarehe 7 Novemba 1885, mahali panapoitwa Craigellachie, katika jimbo la British Columbia. Treni ya kwanza ya abiria ya kuvuka nchi nzima iliondoka Montreal tarehe 28 Juni 1886, ikafika pwani ya Pasifiki tarehe 4 Julai. Huko tambarare safari ilikwenda vizuri. Milimani ndiko kulikokuwa na kazi. Karibu na kituo cha Field reli ilishuka kiasi cha mita nne na nusu kwa kila mita mia, na ukishaambiwa hivyo jua kwamba dereva wa treni hapo hachezi. Kulivuta behewa la chakula kwenye njia ya namna ile, pamoja na jiko lake, maji yake na vyombo vyake, kulikuwa ni kuteketeza makaa ya mawe kwa ajili ya supu. Kampuni ikaamua vinginevyo: treni isimame, abiria washuke, wale, wapande tena. Zikajengwa nyumba tatu za kulia chakula, na mojawapo ilikuwa katika milima ya Selkirk, karibu na kipito cha mlimani kiitwacho njia ya Rogers. Iliitwa Glacier House.

Hiyo ndiyo iliyozaa mambo. Ukitoka mlangoni pa Glacier House ulikuwa unauona mto wa barafu ukiteremka kutoka mlimani, mweupe, wenye nyufa za rangi ya buluu, na mtu mwenye viatu vizuri aliweza kutembea hadi kwenye ncha yake, akaigusa, akarudi. Kwenye ramani unaitwa Illecillewaet. Watalii waliuita Barafu Kuu, basi. Waliokuja kula wakaanza kulala, na waliolala wakataka kitu cha kurudi nacho nyumbani. Barafu haibebeki. Picha inabebeka.

Sasa, msidhani kampuni ya reli ilikaa ikingoja wapiga picha wajitokeze wenyewe. Mkuu wake, William Van Horne, Mmarekani aliyezaliwa Illinois, alikuwa na hesabu yake. Kampuni ilikaribia kufilisika mwaka 1885, na ilinusurika kwa mkopo wa serikali. Reli ilipita maelfu ya kilomita mahali ambapo watu wa kulipa nauli walikuwa wachache. Kitu pekee kilichokuwa kingi ni mandhari, na kwa kuwa mandhari haipakiwi kwenye mabehewa ikapelekwa sokoni, Van Horne aliona lililobaki ni kuwaleta wanunuzi pale ilipo. Kwa hiyo kuanzia 1884, kabla hata reli haijamalizika, alikuwa anawasafirisha wapiga picha. Mmoja wao ni William McFarlane Notman, mtoto wa Mskoti aliyefungua studio yake Montreal mwaka 1856. Kijana huyo alipewa behewa lake, akawa anasimamishwa anapotaka. Kusini ya mpaka, Marekani, reli ya Northern Pacific nayo ilikuwa na mtu wake, F. Jay Haynes, ambaye mwaka 1885 alinunua behewa akaligeuza studio ya kutembea, na studio hiyo ikafanya kazi juu ya reli kwa miaka 20.

Picha hizo ziliingia kwenye albamu, kwenye vitabu vya mwongozo wa safari, na kwenye slaidi za kioo zilizoonyeshwa kwa taa kumbini kuwavutia Wazungu wahamie Kanada. Na waheshimiwa nao walitumika. Julai 1886 Agnes Macdonald, mke wa Waziri Mkuu John A. Macdonald, aliomba akae mbele kabisa ya kichwa cha treni, juu ya ile fremu ya chuma inayosukuma ng'ombe pembeni ya njia. Wakamwekea boksi tupu la mishumaa, akaketi, wakashuka naye milima. Mwaka uliofuata akaandika makala yake katika jarida la Uingereza, na hakuna mwenye tangazo angeweza kuandika vizuri zaidi. Wasikilizaji wa Kenya watakumbuka kwamba Theodore Roosevelt alikalia kiti cha namna hiyo hiyo mwaka 1909, akitoka Mombasa kwa Reli ya Uganda, akitazama twiga na pundamilia wakikimbia mbele yake. Wenye reli dunia nzima walikuwa wanasomana.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mabanda ya theluji. Kwenye njia ya Rogers theluji huanguka kwa wingi wa kutisha, na huporomoka kutoka mlimani bila taarifa. Kampuni ikajenga mabanda ya magogo juu ya reli, kama thelathini hivi, yenye mapaa yaliyolala sambamba na mteremko, ili theluji ikiporomoka ipite juu ya banda na treni ibaki salama chini. Vizuri. Ila abiria aliyelipa nauli kutoka Montreal aje aone milima, akifika kwenye milima yenyewe anaingizwa ndani ya banda la giza na moshi! Unajua walifanya nini? Walitandika reli nyingine nje ya mabanda, kando kwa kando, ya kutumika kiangazi peke yake. Kampuni iliyotoka kukopa ili isife ilinunua chuma na mataruma ya ziada ili watu waangalie nje ya dirisha. Hapo ndipo unapojua kwamba mandhari ilikuwa mali ya kampuni, inahesabiwa kama mizigo na abiria.

Ngoja sasa tuingie kwenye picha zenyewe, maana kuna ufundi ndani yake ambao jicho la leo linaupita.

Kabla ya miaka ya 1880 mpiga picha wa milimani alibeba chumba cha giza mgongoni mwa nyumbu. Alipaka dawa kwenye kioo palepale, akapiga picha kioo kikiwa bado kibichi, akakiosha kabla hakijakauka, yote hayo ndani ya dakika chache. Vioo vikavu vilivyotengenezwa kiwandani vilimwondolea taabu hiyo. Unavipakia kwenye sanduku, unakwenda navyo, unaviosha ukirudi. Ila vilikuwa na ugonjwa mmoja: viliiona buluu kama nyeupe. Anga la buluu likatoka jeupe pe. Kwa mtu anayepiga picha ya nyumba au daraja, si neno. Kwa mtu anayepiga picha ya kilele chenye theluji, ni balaa, kwa sababu kilele cheupe mbele ya anga jeupe kinapotea.

Wakatafuta njia. Wengine walingoja wingu zito lije nyuma ya mlima. Wengine walikuwa na vioo vya akiba vyenye picha za mawingu mazuri, yaliyopigwa siku nyingine na mahali pengine, wakayachapa juu ya mlima usio wake. Na wapo waliochukua penseli wakachora ukingo wa kilele juu ya kioo chenyewe. Ukipata albamu ya zamani, chukua lenzi uchunguze pale mlima unapokutana na anga. Mara nyingine utaona mstari ulionyooka mno, ambao hakuna mwamba duniani unaoweza kuwa nao. Je, huo ni uongo? Mimi siuiti uongo. Mlima upo, na mtu aliyesimama pale aliuona ukingo wake waziwazi. Kioo ndicho kilichokuwa kipofu.

Rangi ni kesi nyingine. Miaka ya 1880 kampuni ya Orell Füssli ya Zurich, Uswisi, ilivumbua namna ya kugeuza picha ya kioo kuwa chapa ya rangi kwa kutumia mawe ya kuchapia, kila rangi na jiwe lake, mara sita, mara zaidi ya kumi. Miaka ya 1890 kampuni moja ya Detroit ikanunua haki ya kutumia ufundi huo Marekani, ikatoa mamia na maelfu ya picha za rangi, milima ya Kanada ikiwamo. Ni nzuri kweli. Kilele kina wekundu wa jioni, msitu una kijani cha kuiva, maji yana buluu ya kito. Lakini fundi aliyeamua kwamba theluji iwe ya waridi alikuwa kiwandani, mbele yake pana picha isiyo na rangi na maelezo ya mtu mwingine. Hapo mimi naanza kukohoa.

Halafu zikaja postikadi. Mwanzoni sheria za posta za nchi nyingi zilitaka upande wa nyuma uwe wa anwani peke yake. Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani kukaa upande mmoja mwaka 1902, na nchi nyingine zikafuata. Kabla ya hapo mtu aandike wapi kwamba amefika salama? Juu ya picha. Na mahali palipokuwa wazi ni lile anga jeupe. Ndiyo maana kwenye postikadi za miaka ile unakuta salamu za shangazi na habari za mafua zimeandikwa kwa wino juu ya vilele.

Huko Banff, mji wa mapumziko uliokuzwa na reli hiyo hiyo, alikuja kijana aitwaye Byron Harmon mwanzoni mwa karne ya 20. Alijiwekea lengo la kupiga picha kila kilele kikubwa na kila mto wa barafu katika Rockies na Selkirk. Klabu ya wapanda milima ya Kanada ilipoanzishwa mwaka 1906, yeye ndiye aliyekuwa mpiga picha wake rasmi. Alipanda na farasi wa mizigo wiki kwa wiki, akirudi dukani akachapa postikadi, akawauzia walioshuka kwenye treni. Wengi wao hawakuwahi kuvikaribia vilele walivyovituma kwa ndugu zao.

Nimesema mengi ya kusifu. Sasa tuseme na yaliyoachwa nje.

Picha mashuhuri kuliko zote za reli ile ni ya siku ya msumari wa mwisho, iliyopigwa na Alexander Ross wa Winnipeg. Donald Smith, mzee mwenye ndevu nyeupe, ameinama na nyundo, nyuma yake wanaume wa kofia na makoti. Wachina wapatao 15,000 walifanya kazi ya kupasua miamba na kutandika njia katika British Columbia, na wasiopungua 600 walikufa kazini. Itazame picha hiyo kutoka kona hadi kona, uso wa Mchina hutauona. Mwaka ule ule wa 1885 bunge la Kanada lilipitisha kodi ya dola 50 kwa kila Mchina anayeingia nchini. Kazi ilikwisha, wakaonyeshwa mlango.

Usiku wa tarehe 4 Machi 1910, kwenye njia hiyo hiyo ya Rogers, wafanyakazi walikuwa wanasafisha theluji iliyoziba reli. Poromoko jingine likashuka kutoka upande wa pili wa bonde likawafunika. Walikufa watu 58, wengi wao Wajapani. Albamu ya ukumbusho haikuwa mahali pa habari kama hizo. Mtu hanunui picha ya mlima uliomuua mwenzake.

Na kuna wenye nchi. Wastoney Nakoda waliwinda katika mabonde ya Banff kabla ya reli, kabla ya hoteli, kabla ya hifadhi. Hifadhi ilipoundwa walizuiwa kuwinda humo. Kisha wakaalikwa kila mwaka kwenye sherehe iliyopewa jina la siku za Wahindi, ndivyo Wazungu walivyowaita, waje na manyoya yao, farasi wao na ngoma zao, ili watalii wapige picha. Wakawa sehemu ya mandhari kwenye postikadi. Kama umewahi kuona Mmaasai amesimama kwa mguu mmoja kwenye postikadi ya hoteli, nadhani huhitaji ufafanuzi.

Sasa nifike kwa watu walioniletea hamu ya kuzungumza mada hii. Mwaka 1887 familia moja ya Waquaker kutoka Philadelphia, ukoo wa Vaux, ilishuka Glacier House. Baba, na watoto wake watatu: Mary, George na William. Walikuwa watalii kama wengine, na kamera yao kama wengine. Walipiga picha ya Barafu Kuu wakaenda zao. Miaka saba baadaye, mwaka 1894, wakarudi. Wakatazama, wakatazama tena. Barafu ilikuwa imerudi nyuma. Mawe yaliyokuwa chini yake yalikuwa juani.

Mtu mwingine angesema, ah, barafu imepungua, akaenda kunywa chai. Wao walianza kupima. William alikuwa mhandisi, na mambo ya vipimo alikuwa anayajua. Waliweka alama kwenye miamba, wakapima umbali kutoka alama hadi ncha ya barafu. Walitandaza mabamba ya chuma juu ya barafu kwa mstari, wakarudi kuona yamesogea kiasi gani, ili wajue mto ule unatembea kwa kasi ipi. Na kiangazi kwa kiangazi walisimama mahali palepale, wakaelekeza kamera kulekule, wakapiga picha ileile. Huo ulikuwa mwanzo wa uchunguzi wa kudumu wa mito ya barafu nchini Kanada, na waliouanzisha ni watalii wa likizo. William alifariki mwaka 1908. Mary, ambaye mwaka 1900 alipanda mlima Stephen wenye mita 3,199 wakati wanawake wengi walitazama milima kutoka verandani, aliendelea kurudi miaka mingi baadaye, hata baada ya kuolewa mwaka 1914 na mwanasayansi Charles Walcott wa Washington.

Hapa, msikilizaji, ndipo panapotengana picha ya biashara na picha ya ushahidi. Mpiga picha aliyetumwa na reli kila mwaka alitafuta mahali papya, pembe mpya, mwanga mzuri kuliko wa mwaka jana, maana mteja hanunui picha aliyo nayo tayari. Akina Vaux walitafuta jiwe la mwaka jana. Ukiweka picha zao mezani kwa mfuatano ni kitu cha kuchosha: bonde lilelile, mlima uleule, hata miti unaitambua. Ila ule weupe unapungua, unapungua, unapungua. Sijaona picha ya machweo yenye waridi inayoweza kunishtua hivyo.

Na picha zile za biashara nazo zimeokolewa na kazi hii. Mtafiti wa leo anayetaka kujua barafu ilifika wapi mwaka fulani hajali kama Notman alikuwa analipwa na Van Horne. Anatafuta ncha ya barafu ilipo kwenye picha, anatafuta mwamba anaoweza kuutambua leo, na anatafuta tarehe. Penye tarehe na mwamba, tangazo la biashara linageuka ushahidi. Pasipo na tarehe, linabaki pambo.

Mwaka 1916 reli ilihamishiwa ndani ya handaki la Connaught, lenye urefu wa kilomita nane hivi, kwa kuwa mlima ulikuwa umeshaua vya kutosha. Treni haikupita tena mlangoni pa Glacier House. Hoteli ikafungwa mwaka 1925, ikabomolewa mwaka 1929, na msingi wake umebaki porini. Barafu Kuu imerudi nyuma zaidi ya kilomita moja tangu akina Vaux walipoiona mara ya kwanza, imepanda juu ya mwamba. Mjukuu wa ukoo huo amerudi na kamera kwenye mawe ya babu zake, na matokeo yake yako kitabuni.

Wengine hawakubahatika. Alexander Henderson, Mskoti mwingine, mmoja wa wapiga picha bora wa mandhari aliyepata kuishi Kanada, alipewa mwaka 1892 kazi ya kuanzisha idara ya picha ya reli hiyo ya Canadian Pacific. Alipiga, akapanga, akahifadhi. Baada ya kufa kwake ukoo uliona masanduku ya vioo yanaziba nafasi ndani ya nyumba. Vioo vyake viliishia jalalani.

Nayasema haya nikifikiria kwetu. Reli ya Usambara kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na tangu enzi ya Wajerumani Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimekuwa kwenye postikadi. Kati ya 1912 na 2011 mlima ule ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Tunalijua hilo kwa sababu kuna ramani ya 1912, na kuna picha. Nyingine ziko kwenye majumba ya kumbukumbu. Na naamini ziko nyingine kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, kwa mzee aliyekuwa mkaguzi wa tiketi, kwa bibi aliyesoma shule ya bweni Moshi akapigwa picha stesheni na mlima nyuma yake.

Basi ombi langu ni hili. Kama unayo picha ya namna hiyo, itoe leo. Muulize mwenyewe angali hai: ilipigwa mwaka gani, mwezi gani akikumbuka, mpiga picha alisimama wapi, na aliangalia upande gani. Yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini, taratibu, ukingoni. Usitumie kalamu ya wino, maana wino hupenya na kuharibu upande wa pili. Usiibandike kwa gundi wala kwa selotepu. Na ukiona huna mahali pakavu pa kuitunza, ipeleke Nyaraka za Taifa au makumbusho yaliyo karibu nawe, uwape na maelezo hayo. Jina la mtu aliye pichani ni zuri kulijua, lakini kwa habari ya mlima, tusaidie kwanza tarehe.